Mjomba anataka nimalize Kilatini kwanza ndipo nijifunze Kihispania

Shikamoo Mwalimu,

Ni msomaji wako wa siku nyingi, ila kuandika ndiyo mara ya kwanza. Najifunza Kihispania kwa ajili ya DELE, ule mtihani wa Kihispania kwa wageni, ngazi ya A2, yaani ya chini bado. Sarufi naimudu kiasi chake. Kinachonishinda ni msamiati. Nakariri orodha ndefu usiku, asubuhi nimebaki na maneno ya kuhesabu kwa vidole, na hayo yenyewe nayachanganya.

Nina mjomba, kaka yake mama, aliyesoma seminari na kufundisha Kilatini mpaka akastaafu. Aliposikia nahangaika aliniita, akaniambia naparamia matawi wakati shina sijalishika. Nijifunze Kilatini kwanza, Kihispania kitakuja chenyewe. Tangu hapo ananifundisha bure kila Jumamosi. Nimeshakariri rosa, rosae, rosam, maumbo ya neno ua. Najua farasi ni equus, nyumba ni domus, moto ni ignis. Nikifungua kitabu cha Kihispania nakuta farasi ni caballo, nyumba ni casa, moto ni fuego! Nikimuuliza ananiambia nisiwe na pupa. Juzi nilimuuliza perro, yaani mbwa, limetokana na neno gani la Kilatini. Akanyamaza, kisha akasema turudi kwenye rosa, safari hii kwa wingi.

Wenzangu wanatumia programu za simu na sasa wanapiga soga kwa Kihispania. Mimi najua kuligeuza neno ua katika maumbo yake yote, ila siwezi kuomba maji. Je, habari za asili ya maneno niachane nazo kabisa? Na nikiachana nazo, nimwambieje mjomba asione nimemdharau?

Mpwa Mtiifu

Marahaba, mwanangu.

Mjomba wako hajakudanganya, ila amekuanzishia mbali mno. Kihispania kweli kimetokana na Kilatini, na mtu anayezijua njia ambazo maneno yalipitia hukariri machache kuliko asiyezijua. Tatizo ni kwamba yeye anakufundisha Kilatini cha waandishi, kile cha Cicero, msemaji na mwandishi wa Roma ya kale, ilhali Kihispania kilizaliwa na Kilatini cha askari, wachuuzi na wakulima. Majeshi ya Roma yalitua kwenye rasi ya Iberia, ambako leo ni Hispania na Ureno, mwaka 218 K.K., wakati wa vita na dola ya Carthage, na watu waliofuata nyuma yao hawakuzungumza kama vitabu. Farasi wao wa kazi walimwita caballus. Nyumba waliita casa, neno ambalo kwa wasomi lilikuwa kibanda tu. Moto waliokaa nao kila siku ulikuwa wa mekoni, na meko ni focus, basi focus likameza nafasi ya ignis. Equus hakufutika kabisa, maana jike lake, equa, bado yupo kwenye Kihispania kama yegua. Lakini kwa jumla, orodha uliyokariri ni ya maneno ya kaka mkubwa ambaye hakuzaa.

Hata pale neno la kitabuni na la mtaani lilipokuwa moja, kamusi ya Kilatini inaweza kukuficha. Ukitafuta usiku unapewa nox. Nani ataona noche ndani ya nox? Ila jicho likisogea kidogo pembeni linakutana na noctis, na hapo mambo yanaanza kufunguka. Nomino nyingi za Kihispania zilitoka kwenye umbo la kitu kinachotendwa: noctem ikazaa noche, dentem ikazaa diente, pontem ikazaa puente. Kwa hiyo yale maumbo yote ya rosa unayokeshea, la kukufaa ni moja tu.

Kwa maoni yangu basi, usijifunze Kilatini. Jifunze mabadiliko ya sauti. Ni machache, na baadhi yake unayabeba mdomoni bila kujua.

Chukua miezi minne ya mwisho: Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Kalenda ya kale ya Warumi ilianza Machi, kwa hiyo majina hayo yalikuwa hesabu tupu, yaani septem saba, octo nane, novem tisa, decem kumi. Kihispania kinasema siete, ocho, nueve, diez. Hebu tuyatazame pole pole, maana humo ndani mna robo ya kazi yako.

Irabu e fupi ya Kilatini ikibeba mkazo, inapasuka kuwa ie. Septem ikawa siete na decem ikawa diez, na kwa njia hiyohiyo terra ikawa tierra (ardhi), ventus viento (upepo), petra piedra (jiwe), centum ciento (mia). Irabu o fupi nayo inapasuka kuwa ue: novem ikawa nueve, porta puerta (mlango), mortem muerte (kifo), bonus bueno (-zuri), corpus cuerpo (mwili). Sasa angalia kinachotokea mkazo ukihamia silabi nyingine: irabu inabaki nzima. Saba ni siete lakini sabini ni setenta. Tisa ni nueve lakini tisini ni noventa. Mlango ni puerta na bawabu ni portero. Jino ni diente na anayeling'oa ni dentista. Nimeona wanafunzi wakiyakariri haya mojamoja kana kwamba hayajuani.

Faida kubwa zaidi iko kwenye vitenzi, na hapa ningetaka mjomba asikilize pia. Naweza ni puedo, tunaweza ni podemos. Nataka ni quiero, tunataka ni queremos. Napoteza ni pierdo, tunapoteza ni perdemos. Vitabu vya mafunzo huviita vitenzi visivyo vya kawaida, mwanafunzi anaogopa, anaandika orodha nyingine. Kumbe ni mkazo uleule: ukikaa kwenye shina, irabu inapasuka, ukienda mwishoni, haipasuki. Ukilishika hili kwa siete na setenta, umelishika kwa vitenzi chungu nzima vya kila siku.

Turudi kwenye Oktoba. Pale Kilatini kilipokuwa na c na t zimebanana, Kihispania kikaweka ch. Octo ocho, noctem noche, lacte leche (maziwa), factum hecho (kilichofanyika), pectus pecho (kifua), tectum techo (paa). Halafu karne nyingi baadaye wasomi wa Hispania walipohitaji maneno ya kitaalamu walirudi kwenye vitabu vya Kilatini na kuyachukua yalivyo, hayakupitia midomo ya wakulima. Ndiyo maana usiku ni noche lakini cha usiku ni nocturno, maziwa ni leche lakini cha maziwa ni lácteo, nane ni ocho lakini cha nane ni octavo. Kihispania kimejaa ndugu wa namna hii, mmoja wa mtaani na mmoja wa maktaba. Asiyejua asili anakariri mawili. Anayejua anakariri moja, la pili analitambua likipita.

Kwangu hiyo ndiyo thamani yote ya Kilatini kwa mtu wa ngazi yako: kuyapatanisha maneno ya Kihispania yenyewe kwa yenyewe. Kilatini ni shahidi tu katikati.

Ndugu wengine wametenganishwa na f iliyogeuka h, tena h isiyotamkwa. Mtoto wa kiume, filius, ni hijo, lakini upendo wa mtoto kwa mzazi unaitwa filial. Moshi ni humo, kuvuta sigara ni fumar. Chuma ni hierro, reli ni ferrocarril, yaani njia ya chuma. Kuzungumza ni hablar, kutoka fabulari, kupiga hadithi. Mbele ya ue hiyo f husalimika, ndipo tukapata fuego, fuerte na fuente. Kuna zilizosalimika bila kisingizio hicho, kama fiesta, nazo utazizoea. Pl, cl na fl mwanzoni mwa neno zikawa ll: mvua ni lluvia, ila ya mvua ni pluvial, -liojaa ni lleno, na pleno yupo pia. Clavis ilizaa watoto wawili, llave ambaye ni ufunguo wa mlango, na clave ambaye ni ufunguo wa fumbo au neno la siri. Na zile p, t, c zilizokaa kati ya irabu zikalegea kuwa b, d, g: lupus lobo (mbwamwitu), vita vida (maisha), amicus amigo. Vida na vital, todo na total, umeshaona mchezo.

Kuna moja nataka umpelekee mjomba kama zawadi. Imetufikia orodha ya kale iitwayo Appendix Probi, yenye maneno zaidi ya 200, ambamo mtu fulani aliyekereka anasahihisha Kilatini cha watu wa kawaida: semeni oculus si oclus, semeni speculum si speclum. Oculus ni jicho, speculum ni kioo. Leo Kihispania kinasema ojo na espejo, na maneno hayo yametoka moja kwa moja kwenye oclus na speclum, yaani kwenye yaliyokatazwa. Waliokemewa ndio walioshinda. Yeye aliyefundisha miaka yote hiyo atacheka.

Ukishayapata haya, usidharau ulichonacho nyumbani kwa lugha yako. Kihispania hakivumilii neno lianze kwa s na konsonanti nyingine, lazima kitangulize e. Stesheni yetu kwao ni estación, skuli ni escuela. Ofisi ni oficina. Kireno, ndugu wa damu wa Kihispania, kilituachia meza, kasha, mvinyo na padri; upande wa pili wanakungoja mesa, caja, vino na padre. Na siesta, ule usingizi wa mchana, umetokana na sexta, saa ya sita. Warumi walihesabu saa kuanzia macheo kama sisi, kwa hiyo saa sita yao ilikuwa saa sita yetu. Mwanafunzi mwingine huelezwa hilo kwa aya nzima.

Tena kuna mlango ambao mjomba hawezi kukufungulia kwa Kilatini. Mwaka 711 Waarabu na Waberberi waliingia Iberia, na dola ya mwisho ya Waislamu, Granada, ilianguka mwaka 1492. Muda wote huo Kiarabu kilikuwa kinaingia kwenye Kihispania, mara nyingi al- ya Kiarabu, au a- yake tu, ikiwa imegandia mbele. Ibandue uone: azúcar ni sukari, aceituna ni zaituni, azafrán ni zafarani. Alcalde ni kadhi yuleyule, ila kule amekuwa meya wa mji. Rehén ni jamaa wa rehani, ila kwao anayewekwa rehani ni binadamu, yaani mateka. Na lile hasta la hasta mañana (hadi kesho) ni hatta ya Kiarabu, ambayo kwetu ni hata, hata ya wazee waliosema "wakacheza hata asubuhi".

Hapo nimekupa sababu ya kutokumlaumu mjomba kwa perro. Alinyamaza kwa haki. Asili ya perro haijulikani, wataalamu wenyewe wanaandika hivyo. Canis ya Kilatini iliacha can, neno la kimaandishi zaidi, na mtaani kila mtu anasema perro. Izquierda, kushoto, linahusiana na Kibaski, lugha ya kaskazini mwa Hispania. Guerra (vita) na ropa (nguo) ni ya Wajerumani wa kale. Chocolate na tomate yametoka Kinahuatl cha Meksiko. Maneno haya ukiyatafutia Kilatini utapoteza Jumamosi nzima.

Kuna mtego mwingine, na wanaopenda asili ya maneno ndio wanaoingia kichwakichwa. Asili inakwambia neno lilitoka wapi. Haikwambii limefika wapi. Éxito limetoka exitus, kutoka nje. Leo ni mafanikio. Ukitafuta mlango wa kutokea, kibao kitaandikwa salida, neno lililotokana na salire, ambalo kwa Warumi lilikuwa kuruka. Largo lilikuwa -ingi, -karimu. Leo ni -refu. Esperar ni kutumaini, ndiyo, lakini pia ni kungoja, na kituoni watu wengi wanangoja bila matumaini yoyote. Kwa hiyo utaratibu ni huu: maana unaichukua kwenye sentensi ya Kihispania, asili inakuja baadaye kukusaidia kukumbuka. Ukigeuza utaratibu huo, utakuwa unapiga ramli.

Kwa vitendo, kutana na neno kwanza. Kwenye somo, kwenye habari, kwenye mazungumzo na hao wenzako. Liandike na sentensi yake. Kisha fungua kamusi ya Real Academia Española, ile taasisi iliyoundwa mwaka 1713; kamusi yake iko kwenye intaneti bure, na mwanzoni mwa maneno mengi imeandikwa "Del lat." na neno la Kilatini, au "Del ár." kama ni Kiarabu. Tazama, jiulize ni mabadiliko gani yamepita hapo, tafuta ndugu mmoja wa neno hilo, uandike chini yake. Kama asili haikuambii kitu papo hapo, funga uendelee na safari. Maneno madogo kama y, pero, con na muy usiyachimbe hata kidogo, yatumie tu mpaka yazoeleke. Na hizo orodha ndefu za usiku punguza. Chukua maneno machache, funika maana zake, jiulize mwenyewe kesho, kisha keshokutwa, kisha wiki ijayo. Kusoma orodha tena na tena kunakupa raha ya kudhani unajua.

Hao wenzako wa programu za simu wanazungumza kwa sababu wanazungumza. Nenda ukae nao, ukosee nao.

Sasa mjomba. Usimwambie Kilatini hakina maana, kwanza ni uongo, pili ni tusi kwa mtu aliyekupa Jumamosi zake bure. Wala usiendelee kuitikia "ndiyo mjomba" huku moyoni umeshaondoka, atagundua na itamuuma zaidi. Mbadilishie kazi. Nenda Jumamosi na maneno yako ya wiki, yale uliyokutana nayo, umwambie: "Mjomba, tarehe ya mtihani imekaribia, naomba leo tuanze na haya yangu. Niache nibahatishe asili yake, wewe unisahihishe." Mwalimu gani mstaafu atakataa? Badala ya kukupa rosa ya wingi atakuwa anakueleza kwa nini lleno na pleno wamezaliwa tumbo moja, na hapo hakuna programu ya simu itakayomfikia. Akishikilia rosa, mtumie mama yako. Dada mtu ana namna yake ya kusema na kaka yake ambayo mimi na wewe hatuna.

Kitu kimoja usikubali: asikusomee Kihispania kwa sauti. Waliopita seminari wengi wanatamka Kilatini cha kanisani, ambamo ce na ci ni che na chi, na ge ni je ya jembe. DELE ina sehemu ya mazungumzo. Cena, chakula cha jioni, si chena. Sehemu kubwa ya Hispania inatamka th ya thamani, Amerika ya Kilatini s. Gente, watu, inaanza na sauti ya kheri, si ya jembe, na v ya vino inatamkwa kama b. Kwa hayo sikiliza redio za wenyewe, urudie nyuma yao kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa kama unaona haya.